Je, dawa unayomeza ni ya mkono gani?

CHUKUA kiatu chako cha kushoto ujaribu kukivaa mguu wa kulia. Kiatu chenyewe hakina kasoro. Ngozi ni ile ile, soli ni ile ile, kamba ni zile zile na nambari ni ile ile ya mwenzake. Hata hivyo mguu utakataa. Ukishikilia kukivaa utatembea, lakini kufikia jioni utakuwa na malengelenge.

Msomaji, jambo hilo unalolijua tangu utotoni ndilo linaloeleza kwa nini dawa ya kichocho ni vidonge vikubwa na vichungu. Ndilo linaloeleza kwa nini dawa moja ya mzio humezwa miligramu 10 na ndugu yake miligramu 5. Ndilo pia linaloeleza kwa nini dawa ya kikohozi inayouzwa madukani ina pacha wake aliye katika orodha ya dawa za kulevya zinazodhibitiwa kimataifa.

Tukizungumzia dawa, wengi wetu huuliza ina nini ndani yake. Ni mara chache tunauliza vitu hivyo vimepangwa vipi. Mwili wako huuliza maswali yote mawili, na usiporidhika na jibu la pili, dawa haitafanya kazi, au itafanya kazi ambayo hukuitaka. Somo letu leo ni juu ya umbo la dawa, na jinsi elimu hiyo inavyoweza kukuokoa wewe na jamaa zako usimezeshwe dawa moja mara mbili.

MIKONO MIWILI, VIDOLE VILE VILE

Inua mikono yako na uunganishe viganja. Kidole gumba hukutana na kidole gumba, na kidole cha mwisho hukutana na cha mwisho. Kila mkono ni kama mwenzake unaotazamwa kwenye kioo. Sasa weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, vidole vikielekea upande mmoja. Vidole gumba vimeachana, kimoja huku na kingine kule. Hata ukigeuza mikono vipi, mmoja hauwezi kukaa sawasawa mahali pa mwingine.

Vitu vingi havina tatizo hili. Kikombe kisicho na maandishi au kijiko cha mbao ukikitazama kwenye kioo utaona kitu kile kile. Lakini glavu, kiatu, parafujo na kaka la konokono vina upande wake. Wanasayansi huiita sifa hii kiraliti, neno lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mkono.

Dawa, chakula na mwili wenyewe vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli, nazo molekuli zimejengwa kwa atomu zilizoshikana. Katika dawa nyingi atomu iliyo kiini cha jengo ni kaboni, ambayo hushika atomu nyingine kwa vishikio vinne. Shuleni mwalimu alituchorea molekuli ubaoni, na kwa kuwa ubao ni bapa, wengi tulitoka darasani tukidhani kuwa molekuli nazo ni bapa kama chapati. Sivyo. Vishikio vinne vya kaboni huelekea pande nne tofauti, kila kimoja kikijitenga na vingine kadiri kinavyoweza.

JARIBU JIKONI KWAKO

Njia rahisi ya kulielewa jambo hili ni kulitengeneza kwa mikono yako. Tafuta viazi viwili vidogo, vijiti vinane vya kuchokolea meno, na vipande viwili viwili vya karoti, kitunguu, pilipili hoho na ndizi. Kiazi ndicho kaboni.

Katika kila kiazi chomeka vijiti vitatu upande wa chini, vitawanyike kama miguu ya kigoda, na cha nne ukisimamishe juu. Katika kiazi cha kwanza weka ndizi juu. Kisha, ukitazama kutoka juu, weka kwenye miguu karoti, kitunguu na hoho ukifuata mwendo wa mishale ya saa. Katika kiazi cha pili weka ndizi juu vile vile, lakini karoti, kitunguu na hoho uzipange kinyume cha mwendo wa mishale ya saa.

Sasa jaribu kuvigeuza viazi hivyo ili vifanane kabisa. Ndizi zikikaa sawa, miguu itakataa. Miguu miwili ikikaa sawa, kitu kingine kitakuwa mahali pasipo pake. Vifaa ni vile vile, idadi ni ile ile, na kila kitu kimeshikana na kiazi kama kwa mwenzake, lakini umepata vitu viwili. Mtu akikuuliza viazi hivyo vina nini, jibu litakuwa moja. Akikuuliza vikoje, majibu yatakuwa mawili.

Kabla hujavitupa, ondoa hoho kwenye viazi vyote viwili na uweke karoti nyingine mahali pake. Zungusha kidogo na utaona kwamba sasa vinafanana kabisa. Kwa hiyo kanuni ni hii: kaboni ikishika vitu vinne visivyofanana, molekuli huwa ya mkono wa kulia au ya mkono wa kushoto. Mapacha hao wa kiooni huitwa enantioma.

ALIYEZITENGANISHA KWA MKONO

Mtu wa kwanza kuzitenganisha molekuli za namna hii alikuwa Louis Pasteur wa Ufaransa, yule yule ambaye baadaye alitengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 1848 alikuwa kijana wa miaka 25 akichunguza asidi mbili zilizopatikana katika utengenezaji wa mvinyo. Vipimo vyote vilionyesha kwamba asidi hizo zina vitu vile vile kwa kiasi kile kile. Hata hivyo, mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yatikisike katika mstari mmoja ulipopitishwa katika maji yenye asidi ya kwanza, mstari huo ulizunguka kuelekea kulia. Katika asidi ya pili haukuzunguka hata kidogo.

Pasteur alitengeneza chumvi ya asidi ya pili na kuiacha igande kuwa fuwele. Alipozitazama kwa darubini aliona kwamba fuwele hizo zilikuwa za aina mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo. Basi akakaa chini akazichambua moja moja, kama mtu anayechambua mchele, za kulia upande huu na za kushoto upande huu. Alipoyeyusha kila fungu peke yake, moja lilizungusha mwanga kulia na jingine kushoto. Alipoyachanganya sawa kwa sawa, mwanga haukuzunguka. Asidi ya pili ilikuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mwanasayansi mzee Jean-Baptiste Biot hakuamini hadi Pasteur alipoyarudia hayo yote mbele ya macho yake.

Sababu yenyewe ilijulikana mwaka 1874, wakati Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi na Joseph Le Bel wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walipoeleza kwamba vishikio vya kaboni vinaelekea pande nne kama miguu ya kile kiazi chako. Van 't Hoff alikuwa na umri wa miaka 22. Miaka mitatu baadaye profesa mashuhuri wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimdhihaki katika maandishi kuwa ni kijana wa chuo cha mifugo anayeota ndoto. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza duniani, aliyeipokea ni yule yule kijana wa chuo cha mifugo.

MWILI NI GLAVU

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya maabara kama mwili wetu usingekuwa na mkono wake. Lakini unao. Protini zetu hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Moja kati ya hizo haina mkono. Zile 19 zilizobaki zote ni za kushoto. Glukosi inayozunguka katika damu yako ni ya kulia. Kwa sababu hiyo, vipokezi vilivyo juu ya seli zetu na vimeng'enya vinavyosaga chakula na dawa vina umbo la glavu, si la mfuko. Mfuko hupokea mkono wowote. Glavu huchagua.

Pua yako inalijua hili. Kuna kemikali iitwayo kavoni iliyo na mapacha wawili. Mmoja hunukia mnanaa, kama ule wa chingamu. Mwingine hunukia kisibiti, kile kiungo cha jikoni. Atomu ni zile zile, mpangilio ni wa kiooni, na pua haibabaiki hata kidogo.

Katika dawa, tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi. Angalia maandishi kwenye chupa za dawa za kikohozi kikavu na mara nyingi utakuta jina "dextromethorphan". Hiyo ni molekuli ya kulia, nayo hutuliza kikohozi. Pacha wake wa kushoto, "levomethorphan", ni dawa kali ya jamii ya mofini, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya unaitaja kwa jina. Mkono ukibadilika, kilichokuwa cha kikohozi kinakuwa cha kufungiwa kabatini kwa kufuli.

Mfano mwingine ni ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, iliyogunduliwa mwaka 1961. Mkono mmoja huzuia bakteria wa kifua kikuu kwa nguvu. Mkono wa pili karibu hauwagusi, lakini unaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho kama mwenzake. Kumpa mgonjwa mikono yote miwili ni kumbebesha mzigo wa madhara usio na faida, na ndiyo maana inayotumika ni ya mkono mmoja tu. Hata hivyo huo mmoja nao unahitaji uangalifu. Mgonjwa anayetumia dawa hii akiona ukungu machoni au akishindwa kutofautisha rangi nyekundu na kijani, aende kituo cha afya mara moja bila kungoja siku ya kliniki.

KISA CHA THALIDOMAIDI

Hakuna dawa iliyotajwa zaidi katika somo hili kuliko thalidomaidi, na hakuna inayoelezwa vibaya zaidi.

Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi Oktoba 1957 na kampuni ya Chemie Grünenthal, kwa jina la Contergan. Ilikuwa dawa ya usingizi, na ilisifiwa kuwa salama sana. Wanawake wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu cha asubuhi. Iliuzwa katika nchi zaidi ya 40.

Kisha watoto wakaanza kuzaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi mno, wengine viganja vikiwa vimeota karibu na mabega. Novemba 1961 daktari wa watoto Widukind Lenz wa Hamburg alitangaza kwamba anaishuku dawa hiyo, na huko Australia daktari William McBride alifikia uamuzi huo huo. Dawa ikaondolewa katika soko la Ujerumani Magharibi mwezi huo huo. Watoto walioathirika duniani walizidi 10,000, na wengi wao walikufa wakiwa wachanga. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu Dkt Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi katika idara ya serikali ya kusimamia dawa, alikataa kuipa kibali akisema ushahidi wa usalama wake hautoshi.

Thalidomaidi ilikuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mwaka 1979 watafiti wa Ujerumani walieleza kwamba katika majaribio ya wanyama, waliopatwa na vilema ni watoto wa wale waliopewa mkono wa kushoto. Habari hiyo ikaenea vitabuni na madarasani, na hadi leo utamsikia mtu akisema: "Lau wangetoa mkono wa kulia peke yake, hakuna mtoto ambaye angedhurika."

Maneno hayo si kweli. Molekuli ya thalidomaidi haidumu na mkono wake. Ikiingia katika damu, ile ya kulia hugeuka kuwa ya kushoto na ya kushoto kuwa ya kulia, na katika muda wa saa chache tu mama aliyepewa moja huwa na zote mbili. Kutenganisha mikono kiwandani hakungemsaidia, kwani mwili wake mwenyewe ungeichanganya tena. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waligundua protini ambayo dawa hii huishika na kuvuruga ukuaji wa mtoto tumboni. Mkono wa kushoto ndio unaoishika kwa nguvu zaidi, nao hupatikana hata kwa mtu aliyemeza wa kulia.

Dawa hiyo haikufa. Leo hutumiwa kwa wagonjwa wa ukoma wanaopatwa na uvimbe mkali wenye maumivu, na kwa saratani ya uboho iitwayo mailoma, tena kwa masharti makali. Mwanamke mwenye mimba, au anayeweza kushika mimba bila kinga ya hakika, hapaswi kuigusa, hata akiambiwa ni ya mkono gani.

NUSU YA KIDONGE CHA KICHOCHO

Hapa kwetu mfano ulio karibu zaidi ni kichocho, ugonjwa unaowasumbua watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, wa sehemu za Pwani na wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Dawa yake ni prazikwanteli, ambayo imetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na imeponya mamilioni ya watu.

Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mkono mmoja huua minyoo. Mwingine karibu hauna kazi, na ladha yake ni chungu kuliko ya mwenzake. Katika kampeni za kutibu umma, kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Piga hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Katika hizo, miligramu 1,200 ni za mkono usioua minyoo. Vidonge viwili kati ya vinne anavimeza bure.

Kwa nini basi mkono huo hautolewi? Ni kwa sababu ya gharama. Kuitenganisha mikono kiwandani kunahitaji hatua za ziada, na dawa hii inatakiwa iwe rahisi ili iwafikie maskini kwa wingi. Mtu mzima anaweza kuvumilia uchungu na ukubwa wa kidonge. Tatizo ni watoto wadogo. Mtoto wa miaka miwili hukitema, na akilazimishwa anaweza kupaliwa. Kwa miaka mingi watoto ambao hawajafikia umri wa shule waliachwa nje ya kampeni, ingawa nao huogeshwa katika maji yale yale na huambukizwa kama kaka zao.

Hatimaye imetengenezwa dawa ya watoto yenye mkono unaofanya kazi peke yake. Jina lake ni arprazikwanteli. Ni kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka katika maji, kisicho na uchungu wa kile cha wakubwa, na kimekusudiwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Majaribio yake makubwa kwa watoto yalifanywa hapa Kenya na huko Ivory Coast. Taasisi ya dawa ya Ulaya iliiunga mkono Desemba 2023, na Mei 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiingiza katika orodha ya dawa lilizothibitisha ubora wake. Kwa mzazi wa Homa Bay au Kwale, somo hili la mikono si nadharia tena.

SOMA PAKITI YAKO

Sasa tuingie dukani. Majina yafuatayo nayaandika kama yanavyochapishwa kwenye pakiti, ili uyatambue. Jina likianza kwa "levo", neno la Kilatini la kushoto, au "dex", la kulia, hiyo mara nyingi ni dawa ya mkono mmoja. Likianza kwa "es" au "ar", mara nyingine ni vivyo hivyo. Njia hizo mbili za kutaja mikono hazilingani daima, kwa hiyo usijisumbue kukisia. La muhimu ni kujua kwamba dawa hiyo ina ndugu.

* "Cetirizine" ni dawa ya mzio, na kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 10 kwa siku. "Levocetirizine" ni mkono wake unaofanya kazi, na kipimo ni miligramu 5.

* "Omeprazole" hupunguza asidi ya tumbo. "Esomeprazole" ni mkono wake mmoja.

* "Ofloxacin" huua bakteria. "Levofloxacin" ni nusu yake yenye nguvu.

* "Salbutamol" hufungua njia ya hewa kwa wagonjwa wa pumu. "Levosalbutamol" ni mkono wake mmoja.

* "Norgestrel" ni homoni ya kupanga uzazi. "Levonorgestrel", inayotumika pia katika vidonge vya dharura, ni mkono wake unaofanya kazi. Kidonge chenye miligramu 0.30 za "norgestrel" kina nguvu sawa na chenye miligramu 0.15 za "levonorgestrel". Mwanamke anayesoma nambari peke yake atadhani kimoja kina nguvu maradufu ya kingine.

Hatari ya kwanza ni kurudufu dawa. Mtu hupewa "cetirizine" na daktari mmoja kwa sababu ya mafua. Wiki hiyo hiyo muuza dawa wa mtaani anampa "levocetirizine" kwa ajili ya kuwashwa na ngozi. Kwa kuwa majina ni tofauti na pakiti ni za rangi tofauti, humeza zote mbili, kisha hushangaa kwa nini anasinzia kwenye usukani. Alichomeza ni dawa ile ile mara mbili. Jambo kama hilo hutokea pia kwa dawa za tumbo.

Hatari ya pili ni kuhamisha kipimo. Ukibadilishiwa dawa kutoka ile ya mikono miwili hadi ya mkono mmoja, usiseme "nimezoea miligramu 10" ukajipimia. Tena, usidhani kwamba kipimo lazima kiwe nusu. Kwa "cetirizine" ni nusu, lakini kwa "omeprazole" sivyo, kwa kuwa mwili huusaga kila mkono kwa kasi yake.

MKONO MMOJA SI BORA DAIMA

Baadhi ya wasomaji huenda sasa wanataka dawa za mkono mmoja pekee. Subiri kidogo. Dawa ya "ibuprofen", inayotumiwa kwa maumivu na homa, huuzwa kwa kawaida ikiwa mchanganyiko. Mkono mmoja ndio unaotuliza maumivu, lakini mwili hugeuza sehemu kubwa ya ule mwingine ukawa huo wenye kazi. Ule wa rahisi unakutosha.

Vile vile, "esomeprazole" ilitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati haki ya kipekee ya mtengenezaji wa "omeprazole" ilipokuwa ikifikia mwisho. Kwa wagonjwa wengi wenye kiungulia cha kawaida, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo, ilhali bei inaweza kutofautiana sana. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukuandikia ile ya bei ghali. Una haki ya kumwuliza sababu hiyo.

Tangu mwaka 1992 idara ya dawa ya Marekani imewataka watengenezaji wa dawa mpya wachunguze kila mkono na waeleze kwa nini wameamua kuuza mmoja au yote miwili.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Ukienda kwa daktari au duka la dawa, beba pakiti za dawa zote unazotumia, hata za kikohozi. Usitaje rangi ya kidonge, taja jina la dawa.

2. Jina jipya likifanana na la zamani isipokuwa mwanzo wake, uliza: "Je, hii ni dawa ile ile ninayotumia?" Usizimeze zote mbili kabla ya kupata jibu.

3. Ukibadilishiwa dawa, uliza kipimo upya. Usihamishe kipimo cha zamani.

4. Usimpe mtoto kipande cha kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Mpeleke kituo cha afya apimwe uzito.

5. Ukiuziwa dawa ya bei ghali kwa maelezo kwamba ni mpya, mwulize mfamasia kama kuna ile ya zamani inayofaa ugonjwa wako.

6. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Mikono miwili ya molekuli haiwezi kutofautishwa kwa macho, na wewe nyumbani huna kifaa cha kuzungusha mwanga. Unachotegemea ni uaminifu wa aliyeitengeneza na aliyekuuzia.